Chungu cha Maji Moto

Saa kumi na mbili na nusu, Januari, giza bado nene,
theluji imelala kwenye kingo za bwawa
nasi tumo chunguni,
ndivyo tunavyoliita beseni la maji moto hapa Akureyri,
mvuke ukitutoka mabegani kama viazi vilivyoiva.

Naingia. Habari za bei ya samaki zinakatika.
"Steinunn! Ni wewe? Umebaki macho!"
"Mwacheni, kapendeza. Sasa ana shingo."
Miaka hamsini na miwili
kichwa changu kilikaa juu ya nini?
"Kilo ngapi?" anauliza Valgardur,
mtu ambaye sijawahi kumuuliza hata umri.
"Ni dawa? Au una jambo, unatuficha?"
"Inatosha sasa, mpenzi. Uso umeanza kuchakaa."

Jana usiku nilijaribu jibu mbele ya kioo:
Mwili wangu si taarifa ya hali ya hewa.
Lilikuwa jibu zuri.
Lilibaki kwenye kioo.
Hapa nazama tu mpaka kidevuni,
nawaachia kichwa, ambacho hakijapungua.

Nilipokuwa mnene hawakusema neno.
Nilidhani ni adabu;
kumbe walikuwa wanaweka akiba.
Na yule wa zamani, aliyebeba mapacha,
aliyelisukuma gari la Valgardur kutoka kwenye theluji
kwa nyonga zile zile,
wanamzika leo kwa vicheko,
hakuna hata mmoja anayemlilia.
Mimi namlilia kidogo.
Majini haionekani.

Ningewakasirikia zaidi, ila namkumbuka Hrefna.
Bafuni, mwaka juzi, wote tuko uchi,
povu la sabuni masikioni, nami nampigia makofi:
"Umekuwa msichana! Nipe siri!"
Alifunga bomba taratibu.
"Siri hii," akasema, "usiitamani."
Septemba, kabati lake, namba arobaini na moja,
likapewa mtu mwingine.
Ulimi hauna mfupa, wanasema.
Wangu ulikuwa na jiwe.

"Lakini hujanijibu," Valgardur anasogea, "kilo ngapi?"
Jibu la kwenye kioo halikuja.
Likaja hili:
"Niulize nimelalaje."
Kimya. Mtu anakohoa.
Theluji inamtua kwenye upara, inayeyuka.
Nyusi zake zinapanda, kama anayesoma herufi ndogo.
"Haya. Umelalaje?"
"Vibaya. Mbwa wa jirani yangu kabweka mpaka saa tisa."
"Yule mweupe?"
"Mweusi. Mweupe alihama."

Anajisogeza, ananipisha kwenye kona
ile yenye bomba la maji makali, anayoilinda kama urithi.
Tunamjadili yule mbwa:
amelelewa vibaya, au mpweke tu?
Valgardur anasema mpweke.
Mara moja, jicho lake linashuka majini.
Naliona.
Linarudi juu lenyewe.