Tundu la Kumi na Tisa

Torborg haniruhusu kugusa swichi
kabla sijaizunguka nyundo na kopo la mafuta.
Nje, Värmland imelala chini ya theluji ya siku nne,
na humu ndani mafuta yameganda
kama uji uliosahauliwa usiku kucha.
Tunaliweka kopo juu ya jiko, ubavuni mwa birika la kahawa,
tunasubiri vyote viwili.

Nyundo inasubiri nasi.
Chuma cha kalibu, mrefu kunishinda,
springi imejikunja kifuani kama upinde,
mikono miwili imekishika kichwa
ambacho kazi yake ni kuanguka tu,
kuanguka na kuinuliwa.
Ilitoka karakana ya reli
bibi yake Torborg akiwa bado ananyonya.

"Anzia juu," ananiambia.
"Mafuta hayapandi ngazi."

Matone matatu, beringi ya kushoto.
Matatu, ya kulia.
Mawili kwa kila pini ya mkono,
grisi kwa kidole, si kwa brashi,
kwenye mfereji kinamopanda na kushuka kichwa,
maana kidole huhisi mchanga, brashi haihisi.
"Na ukanda?"
"Ukanda uache na ukavu wake.
Ukiulainisha utateleza, utabaki kufua hewa."

Ukutani, kwa chaki, mkono wa Ansgar:
MATUNDU 18. KILA BAADA YA SAA MBILI.
Ansgar ana miaka sita kaburini.
Saa mbili zake bado zinatuamuru.

Aliinunua kwa bei ya chuma chakavu
kutoka jumba la makumbusho
ilikokaa miaka thelathini ikipigwa picha.
Huko waliipenda. Waliipaka rangi,
kijani juu ya nyekundu, nyekundu juu ya nyeusi,
wakayaziba matundu yake yote kwa mapenzi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Lakini huyu aliyeziba
ndiye aliyeleta ufa.

Ansgar alikwangua majira mazima ya baridi.
Kumi na nane. Nyundo ikafua tena,
bawaba, majembe, lango la kanisa la Evert.
Ila kila pigo la tatu, au la nne,
kulikuwa na kijisauti, chembamba,
kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.
Uzee, alisema Ansgar.
Torborg hakusema kitu. Hakukubali pia.

Leo napitisha kitambaa nyuma ya shingo,
mahali ambapo hata buibui huona tabu kufika,
na kidole kinazama.
Kidogo tu. Upana wa punje ya dengu.
Nanyamaza kwanza, nisije nikaaibika.
Kisha namwita.

Anakuja na msumari na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.
Anakwangua: kijani. Nyekundu. Nyeusi.
Chini yake utando wa mafuta ya kale, mgumu kama gundi,
yaliyomiminwa na fundi fulani wa reli
asiyejua kwamba hayo ndiyo ya mwisho.
Msumari unapenya. Tunamimina.
Inakunywa. Tunamimina tena, inakunywa,
mara ya tano ndipo mafuta yanasimama mdomoni
na kung'aa.

"Beringi itakuwa imeliwa," anasema,
"kiangazi tutayeyusha risasi nyeupe, tuimwage upya."
Sauti yake ya kawaida, ya hesabu.
Anaweka gogo la msonobari juu ya fuawe,
kwa sababu nyundo iliyolala kwenye baridi
huamshwa kwa mti, si kwa chuma.
Ananiashiria swichi.

Pigo. Pigo.
La tatu.
La nne.
La kumi, nami nimeacha kuhesabu,
kuna mshindo tu, na kati ya mishindo
hamna mtu anayevuta pumzi.

Torborg anaokota kipande cha chaki,
anasimama mbele ya ukuta muda mrefu kuliko inavyohitajika
kuigeuza nane iwe tisa.
Nyuma yake kahawa inachemka, inafurika,
inaunguza jiko.
Haigeukii.
Nami siizimi nyundo.