Kiberiti cha Ogulgerek

Gesi ilikuwa bure mjini Dashoguz.
Kiberiti ndicho kilichouzwa.
Kwa hiyo Ogulgerek hakuzima jiko
miaka ishirini na minne:
mwali wa buluu ukiwaka usiku kucha
chini ya birika, chini ya sufuria,
chini ya hewa tupu,
ili njiti moja isipotee.

Chumvi nayo bure. Maji, bure.
Vyote vilikuja na picha ya ukutani;
picha haikumuuliza kitu,
naye hakuiuliza picha.
Utamdai nini asiyekutoza?
Kwetu husema mkono mtupu haulambwi.
Hatukuambiwa habari za mkono uliojaa
ambao mwenye kisima hauhitaji.

Mwanawe Begench yuko Malmo, fundi wa lifti.
Kila mwezi hukatwa theluthi ya mshahara
na kila mwezi hulalamika:
shimo la barabarani, taa ya shuleni,
diwani mmoja ambaye, hebu fikiria, mama,
aliniandikia barua ya kuomba radhi.
"Radhi? Wewe?"
"Ni pesa yangu, mama."
Akacheka hadi simu ikakatika.

Sisemi kodi hutaga uhuru kama kuku.
Wapo wafalme waliokamua wakulima
maziwa, kisha damu, na hakuna kura iliyopigwa.
Na Wanorwe wana mafuta, wanapiga kura vilevile,
ila kwao sanduku la kura
lilitangulia kisima.
Nasimulia jiko moja tu.

Mwaka huo mita ikaja.
Kisanduku cheupe, tarakimu nyekundu,
na ankara ya kwanza: manati kumi na nne.
Ogulgerek akazima jiko.
Hakuwahi kujua kwamba mwali ule
ulikuwa na sauti.

Akavaa miwani. Akasoma mbele, akasoma nyuma,
akamwita kijana wa mita aliyekuwa akishuka ngazi.
"Hizi zinakwenda wapi?"
Kijana akatazama mlango, akatazama dari.
"Wewe lipa tu, mama."
"Nitalipa. Nimeuliza zinakwenda wapi."

Hakujibiwa. Viatu vikashuka haraka.
Lakini mlango wa pili ukafunguka kidogo,
Sonagul, jirani ambaye kwa miaka yote
walisalimiana kuhusu baridi na wajukuu,
akatoa kichwa,
karatasi yake mkononi:

"Yako ngapi?"