Mkono Usiolala

Alikuja na kwikwi.
Siku ya tisa, alisema, usiku na mchana.
Nilizihesabu kabla hajavua koti lenye theluji:
sitini kwa dakika, hazikosi, hazichelewi,
nikajua si kwikwi za supu iliyomezwa kwa pupa.
Hiyo ilikuwa saa yangu.
Mimi ndiye niliyeitega mwezi wa pili
iupige moyo wa Bi Zalka Lapajne,
na sasa inapiga kiwambo.

Picha ya eksirei ikatoka.
Kidude kipo chini ya mtulinga wa kushoto, kifudifudi.
Na waya,
waya tuliouacha umejinyoosha ndani ya mshipa,
ncha yake imejishikiza ukutani mwa moyo,
umepanda juu, umejiviringisha kukizunguka kidude
mara kumi na nne.
Ncha imeng'oka, inaning'inia njiani,
inatekenya mshipa wa fahamu usiohusika.
Moyo umeachwa ujitafutie wenyewe.

"Thelathini na nne," alisema Daktari Hribar
kama anayetaja bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Bibi, umekuwa ukikigusa?"
"Mimi?" Kwikwi. "Mimi?" Kwikwi.
"Sijakigusa kamwe."
Na alipokuwa akikana, kidole gumba na cha shahada
vilikuwa vinasokota ncha ya blanketi,
sokota, kingamisha, sokota,
taratibu, bila mwenyewe kuangalia.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
hivi viwili vimesuka lesi miaka sitini na mitatu
katika mji wa Idrija, ambako wanaume walishuka
kuchimba zebaki, na wanawake
walibaki juu na vijiti na uzi.

Tulimpitishia waya wa muda shingoni.
Nikakizima kidude. Kwikwi zikakoma,
naye akatega sikio
kama mtu ambaye jirani yake mgomvi amehama.

Saa tisa usiku aliniita. Si kwa kengele,
kwa jina langu, Metka, kama ananituma dukani.
"Jernej alilala kushoto," alisema.
"Fulana zake zilikuwa na kifungo hapa juu.
Nilikishika nikakisokota mpaka usingizi unichukue.
Ving'oke, nishone vingine. Hakulalamika.
Amekufa Novemba.
Februari mkanipa hiki, mviringo, laini,
palepale, upande uleule.
Wewe ungefanyaje?"

Sikujibu. Nilitazama mistari ya kijani
ikipanda na kushuka kwenye skrini.
Kitabu chetu kina sababu zake:
ngozi iliyolegea, mfuko uliokatwa mpana,
mgonjwa asiyejua afanyalo.
Kifungo hakimo.

Asubuhi Hribar aliufungua mfuko.
Ulikuwa mpana, ndiyo. Ni sisi tulioukata.
Akatia waya mpya, wenye skrubu ndogo nchani,
akakishona kidude kwenye msuli kwa uzi wa hariri
kisipate pa kugeukia.
Uwezekano wa usaha, wa damu kuvilia, wa pafu kutoboka:
alimsomea yote, naye akatia sahihi
kwa mwandiko mzuri kuliko wetu wote.

Bandeji ilipotolewa aliomba kioo.
Akautazama mshono, akausogeza karibu na dirisha,
akavaa miwani, akautazama tena.
"Nani ameshona?"
"Mimi," akasema Hribar, kidevu juu.
"Wa tatu umelegea."
Sitasema nani alikuwa na haki.
Nitasema tu kwamba daktari aliinama, akaangalia,
akakaa kimya muda mrefu.

Mwezi wa sita alirudi kupimwa.
Waya umetulia. Mkondo unapita vizuri. Sitini.
Nikamwuliza habari ya mkono.
Akasema ameshona kifungo cha pembe
kwenye foronya ya Jernej, upande wa kushoto.
Nikaandika: *hana malalamiko.*

"Na hiki kitadumu miaka mingapi?"
"Betri? Tisa. Pengine kumi."
Alipiga hesabu kwa vidole,
hivyo hivyo viwili.
"Kifungo hakitafika," alisema.
"Nimeshanunua dazeni."