Mkono wa Kulia

Mkono wangu wa kulia,
wa kulia bukari, wa kulia ndugu msibani,
wa kuzungusha waya wa shaba ndani ya tumbo la mota
kama baba alivyonifunza hapa Katuba:
raundi mia na ishirini, binti, usipoteze hesabu,
moja ikipungua mota itanguruma kama mlevi.
Mkono, nisamehe. Wewe ndiye uliyebaki.

Wa kushoto umekatazwa.
Walipotoa titi na tezi za kwapani
daktari alisema: huku isiingie sindano tena,
wala kamba ya kupimia presha, wala ndoo.
Basi wote tukakuangukia wewe,
mara sita, kila baada ya majuma matatu.

Siku ya kwanza mshipa ulikuwa mnene, umejaa.
Nesi Kilufya akacheka: huu hata gizani ningeuona.
Dawa ikashuka, nyekundu kama sharubati ya arusi.
Siku ya nne hakucheka.
Alifunga mpira, akapigapiga kwa vidole viwili,
akanituma niuloweshe mkono kwenye beseni la maji moto,
akachoma, akatoa, akachoma,
akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi,
kama watu wawili waliokutana mlangoni
kila mmoja akimpisha mwenzake.

Naijua harufu ya waya ulioungua.
Mteja huja na pampu yake ndani ya gunia,
anasema: Mama Ngosa, imezima tu yenyewe.
Nafungua. Vanishi nyeusi,
waya umekakamaa, ukiugusa unakatika.
Ndivyo ulivyo wewe, toka kiganja hadi kiwiko:
mstari wa rangi ya masizi, kamba chini ya ngozi
inayonivuta nikinyoosha mkono kupokea chenji.
Lakini waya wa mota naung'oa wote,
naupima kwa kilo, nawauzia wanunuzi wa vyuma,
naanza upya.
Wewe nikununulie waya duka gani?

Asubuhi, basi, kitambaa cha moto, dakika ishirini.
Usisugue, alisema Kilufya, mshipa si sufuria.
Maji nakunywa hadi tumbo linacheza.
Mukalayi, mwanagenzi wangu, amenishonea soksi ya mtoto
akaijaza mchele; naipasha juu ya makala,
naifinya, naiachia, naifinya,
na bila kujua nimeshaanza kuhesabu:
mia na kumi na nane, mia na kumi na tisa.

Nguo ni za mikono mirefu, hata Oktoba,
joto likiyafanya mabati yaite majina ya watu.
Siku nikisahau, mwenye lengalenga sokoni huuliza:
umeunguzwa na nini?
Najibu: koranti.
Ananielewa papo hapo, ananiongezea fungu.

Bukari anasonga Mukalayi.
Anasonga vibaya, mabonge kama kokoto za reli.
Nakula. Kwa mkono wa kulia.

Kuna usiku nauchukia. Niseme kweli.
Unalala kando yangu mzito kama mgeni asiyelipa,
unapwita, hauniachi nigeuke,
na ubavu ule mwingine nao haulaliki.
Hapo nauambia maneno ambayo siwezi kuyaandika,
kisha nauwekea mto.

Jioni ni zamu ya ukuta.
Vidole viwili vinapanda kama mjusi aliyezeeka,
kamba inakaza, nasimama, navuta pumzi, napanda tena.
Mukalayi anapiga chaki pale vilipokwamia.
Alama ya jana iko chini ya ile ya juzi.
Alitaka kuifuta. Nikamwambia, hesabu haifutwi.

Msumari wa kalenda uko shubiri moja juu ya chaki.
Kalenda yenyewe ni ya mwaka jana,
bado inaonyesha mwezi ule walioanza kunichoma.
Kijana ni mrefu, angeiondoa bila hata kujinyoosha.
Nimemkataza.
Hiyo, mkono, ni kazi yako.