Ngazi ya Eleuterio

Kompyuta mpya haina tundu la kizamani.
Modemu ya marehemu baba, nzito kama tofali,
imebaki na waya wake wenye meno ishirini na tano
na hakuna pa kuuma.

Basi. Hapa Chiloé mvua haimuulizi mtu kama yu tayari.
Nikanunua kisanduku cha sauti, kidogo kuliko kiazi,
nikalehemu nyaya tatu: mmoja wa kusikia,
mmoja wa kusema,
mmoja wa kuiambia redio, haya, sasa.

Siku mbili pakiti zililia kama bata ndani ya debe
na skrini tupu.
Nikaongeza sauti. Tupu.
Nikaongeza tena. Mbwa akatoka nje.
Baba angenicheka: binti, redio si mnada.
Usiku wa tatu, kwa uchovu tu, nikaipunguza
hadi mnong'ono,

herufi zikaanza kudondoka, zikirukia kituo hadi kituo,
Quellón, Queilen, kisha ng'ambo ya ghuba
Eleuterio Cárcamo mwenyewe:

NANI ANA NGAZI YANGU?

Nikachungulia dirishani.
Imesimama katikati ya upepo, kamba mizunguko minne,
kichwani imevaa antena.

Nikaandika: SIJAIONA.
Redio ikabofya, ikakohoa, ikanyamaza.
Kule kwake mashine ikazihesabu biti zangu moja moja,
ikazikuta timilifu,
ikanijibu kwa niaba yake, naye labda amelala:
imepokelewa. Hakuna kosa.