Kitabu cha Nane

Haapsalu, theluji ya Machi. Maarika
katoka zamu ya usiku, viatu vya hospitali vingali miguuni,
kafungua bahasha jikoni.

Miaka kumi na tisa, na leo kimoja tu,
kinajitegemea, jalada laapa:
waweza kukisoma bila kuvijua vile saba.

Akaguna. Bila kuvijua!
Cha tatu walikisomea chini ya blanketi,
tochi moja, yeye mwepesi, Urmas taratibu,
kidole kikifuata mstari.

Ramani: mto umehama.
Malkia sasa ni jina la daraja.
Msimulizi ndiye yule mtunza farasi
aliyepita mara moja tu, katika cha pili,
akafunga lango bila neno.

Chai ikapoa.
Mwisho wa ukurasa wa kwanza
Maarika akangoja kidogo,
kama zamani,
Urmas amalize.