Asilimia Arobaini na Moja

Zamu yetu ya maji ilikuwa saa nane usiku.
Baba alinitanguliza na kibatari hadi mferejini,
kule Uru, juu ya kihamba cha akina Tarimo,
akaziba njia ya zamani kwa udongo na majani ya mgomba.
Maji yalisita kidogo, kama mtu aliyesahau jina,
kisha yakageuka, yakaja kwetu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza: yamejuaje?
Akasema: shika taa vizuri.

Nimeishika miaka hamsini.

Niliondoka na sanduku la bati, nikarudi na shahada tatu.
Kule nilikosomea, maji hayakuwa na tope.
Yalipita kwenye bomba la kioo, na ndani yake rangi nyekundu
ikinyooka kama uzi, mpaka kasi ilipozidi,
uzi ukavurugika, nami nikasahau chakula cha jioni.
Mnato, kasi, kanieneo, mteremko:
herufi zilijipanga ubaoni kama watoto mstarini,
na nyuma yao ule msukosuko
ambao hakuna aliyewahi kuukunja ukakunjika.
Nilichumbiwa mara mbili.
Mara zote mbili nilikuwa nasahihisha.

Mwaka wa themanini na sita mradi ulinileta nyumbani.
Nilidondosha kipande cha mgomba kwenye mfereji wa baba,
nikakifuata kando kwa kando, saa mkononi.
Juu, lita ishirini na tisa kwa sekunde.
Chini, kumi na saba.
Kumi na mbili zimekwenda wapi?
Nikaandika: UPOTEVU, asilimia arobaini na moja,
nikapiga mstari mara mbili kwa wino mwekundu.
Dawa: saruji.

Walimwaga kilomita tatu na nusu.
Mbuzi akachinjwa, nikapewa kidari,
mimi mwanamke; wanaume wakaguna, wakaridhia.
Maji yalishuka yamenyooka kama ule uzi wa kiooni.
Milinganyo yangu ilikubali hadi desimali ya pili.

Hakuna aliyeniandikia kuhusu chemchemi.
Haikukauka kwa kishindo. Ilipungua kama posho,
kidogo kidogo, pasipo barua.
Mwaka wa tatu Ndelilio Massawe, aliyekaa bondeni,
hatua mia nne chini ya mfereji wangu,
alianza kuamka saa kumi kufuata maji mtoni Rau.
Migomba yake ikazaa mikungu ya vidole vifupi.
Nilikutana naye msibani kwa baba, miaka imeshapita kumi na tisa.
Hakulaumu. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama.
"Mwalimu," alisema, "yale maji yaliyokuwa yanavuja,
yalikuwa yanavujia kwangu."

Nikarudi kwenye karatasi.
Pembeni mwa mlinganyo niliuweka udongo kama ukuta,
haupitishi kitu. Sharti la mpakani, ndivyo tunavyoliita.
Mstari mmoja tu; mwanafunzi huuruka akiwa na haraka.
Kumbe mpakani palikuwa na mtu.

Vijana ninaowafundisha Arusha wana kompyuta
zinazochora mkondo kwa rangi tisa. Wananiuliza
kazi gani naionea fahari. Nawapa kurasa nne,
hakuna aliyezinukuu, kichwa chake "Masahihisho":
pale nilipoandika upotevu, someni Ndelilio.

Mwezi wa pili tulivunja saruji, mita mia na themanini,
mimi na wajukuu wawili wa Tarimo, nyundo moja.
Jioni nikashuka bondeni na jani la sale
kama anavyokwenda mtu aliyekosa.
Alilipokea, akalichomeka kwenye kabati la vyombo,
akauliza chemchemi itarudi lini.
Nikapiga hesabu: mteremko, vinyweleo vya udongo, mvua.
Masika mawili, nikasema. Au saba. Sijui.
Akanitazama viatu, vimejaa vumbi la saruji.
Akachukua ndoo,
akaniambia nishike upande wa pili.